Mstari wa Pili wa Kadi

...subiri hapohapo, mama, usikate, amesema daktari wa mifugo, kuna mtu kaingia na mbuzi anayetokwa na povu, wewe shika kadi ya chanjo, nikirudi unisomee mstari wa pili, tarehe na namba ya dawa, na simu ikawekwa mezani, kok, na sasa zinasikika sauti za huko mbali, mlango, ndoo ya bati, mbuzi analia kama mtu aliyeonewa, na yeye amesimama jikoni simu mkono wa kulia, kadi mkono wa kushoto, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, maana mbele yake, mlangoni hasa, kwenye kigoda kilichotegeshwa nusu ndani nusu nje, amekaa baba mkwe wake na mtoto wa mbwa mapajani, kamfunika kwa sweta lake mwenyewe, kaziba njia yote ya kwenda uani, na nyuma yake kuna jiko lenye maziwa yanayokaribia kuchemka, yachemke, yamwagike, leo yana nafasi gani, na simu inapaza sauti kwa amri ya mzee mwenyewe, weka sauti na mimi nisikie, maana sikio lake la kushoto lilikufa zamani na la kulia husikia linalotaka, na mzee anamwuliza nini sasa, anauliza daktari kasemaje, kasema tusubiri, baba, ee, tusubiri, anaitikia mzee, na kidole chake kinampapasa mbwa katikati ya masikio, polepole, kama anayejaribu meza kama imefutwa vumbi... mstari wa pili, hahitaji hata kuutazama, anaujua, tarehe imekaa vizuri katikati ya kisanduku, namba ya dawa tarakimu sita zilizosimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu, mwandiko mzuri kuliko wa mstari wa kwanza ulioandikwa na mchanjaji mwenyewe, na hapo ndipo penye balaa, uzuri wake, mtu yeyote wa fani akiutazama atajua kwamba hakuna mchanjaji duniani anayeandika hivi huku kashikilia mbwa kwa mkono mwingine, huu ni mwandiko wa mtu aliyekaa, mwenye meza, mwenye nafasi, ni mwandiko wake yeye, aliyeuandika ni yeye, na Msaidizi, huyu mtoto wa mbwa, hakuchanjwa ile chanjo ya pili, hakuchanjwa kabisa, na sasa anatoa damu.

Damu ya kwanza aliiona saa moja asubuhi alipokwenda kumwaga maji uani, akadhani ni ganda la nyanya, akainama, haikuwa nyanya, ilikuwa choo laini chenye ute na ndani yake nyekundu mbichi, na harufu, harufu nyingine kabisa, si ya mavi ya kila siku ambayo mtu huyachota huku anawaza mambo yake, akasimama pale na beleshi akajisemea labda ni mfupa, labda katafuna kitu, watoto wa mbwa hutafuna hata kivuli chao, na saa mbili kikaja cha pili, chekundu zaidi, majimaji zaidi, na mbwa baada ya kujisaidia akakaa palepale, akautazama mkia wake kama si wake, asiende kumtafuta mzee, na hilo ndilo lililomtisha kuliko damu, maana Msaidizi hajapata kukaa mbali na mzee tangu aingie nyumba hii, mzee akienda msalani yeye hungoja mlangoni, mzee akifungua redio yeye hukaa chini yake akaitazama, jina lenyewe mzee alimpa kwa sababu hiyo, alikuwa mkaguzi wa mizani miaka thelathini na moja, akizunguka maduka na magulio na sanduku la mawe ya kupimia, na siku zote aliomba apewe msaidizi na ofisi siku zote ikamwambia mwakani, basi kampata uzeeni, wa miguu minne, asiyedai likizo... na namba ya daktari huyu wameipata kwa muuza maziwa, hawamjui naye hawajui, sauti ya mwanamke asiyependa maneno mengi, kaanza kuuliza moja moja, ana umri gani, miezi mitatu kasoro, anatapika, hapana, bado, ametapika povu mara moja, anakula, jana jioni alikula leo hapana, mmembadilishia chakula, hapana, msimpe dawa yoyote ya binadamu, sikia mama, hata kidogo, hata ile ya tumbo mnayoiamini, sawa daktari, mwinue mdomo uniambie ufizi una rangi gani, na yeye akachuchumaa mbele ya mzee akauinua ule mdomo mdogo mkavu na Msaidizi akamwacha, hakumng'ata kidole kama kawaida yake, na ufizi ulikuwa... alisema wa waridi, akatazama tena akasema umefifia kidogo, na daktari akasema hivi, na haya ndiyo maneno yanayomzunguka kichwani sasa mbuzi analia, nina njia mbili, mama, kama amepata chanjo zote mbili na bado ananyanyua kichwa, naanza na minyoo, mpe maji kidogo kidogo, weka choo kwenye kikopo, mlete kesho asubuhi tupime, lakini kama hakupata ya pili hiyo ni habari nyingine, ile ya kwanza peke yake haimkingi, kuna ugonjwa wa kuhara damu unaowamaliza hawa wadogo kwa siku mbili, huyo namtaka hapa saa hii, kwenye boksi, asikanyage sakafu yangu, atundikiwe maji, na hata hapo sikuahidi kitu, sasa, ya pili alipata? Na kabla yeye hajafungua mdomo mzee akaishika simu pamoja na mkono wake akaivuta karibu, "Kapata zote mbili, daktari. Kadi nimeikagua mwenyewe."

Nimeikagua mwenyewe... ya Mungu mengi, mtu ambaye wauza nyama wa soko zima walikuwa wakimwona kwa mbali wanaondoa kidole kwenye mizani, aliyepata kumfungia duka shemeji yake kwa jiwe la kilo lililotobolewa chini, hadithi ambayo kaisikia mara arobaini na kila mara hucheka mahali palepale kwa adabu, mtu huyo aliichukua kadi hii jioni ile, akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akapitisha kidole mstari wa kwanza, mstari wa pili, akasema safi, akaitundika kwenye msumari juu ya redio, safi, na yeye akaenda kukata vitunguu ili apate sababu ya machozi yake, na ilikuwaje, ilikuwaje mwanamke mzima mwenye akili zake, karani wa masjala ya hospitali miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa akiwaambia wauguzi wapya siku ya kwanza kisichoandikwa hakikufanyika, aliyekuwa akiikamata chati ya uongo kwa kuitazama tu, wino mmoja, mkandamizo mmoja, homa ya saa nne na ya saa nane na ya saa kumi zimeandikwa pumzi moja na muuguzi anayetaka kwenda nyumbani, ilikuwaje akaandika kisichofanyika... hakupanga, hilo anaweza kuapa, aliondoka na kikapu na mbwa ndani yake kichwa nje, saa tatu asubuhi, na njia ya kwenda ofisi ya mifugo inapita nyuma ya hospitali, na mlango wa nyuma wa masjala ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na akasema ngoja nimsalimie Mama Kabati, mwenzake wa zamani, aliyebatizwa jina hilo kwa kuwa ukimwuliza faili lolote hujibu liko kabatini, dakika tano tu, na Mama Kabati alikuwa amezikwa mpaka kifuani kwenye mafaili, karani mpya ameacha kazi, wa zamani anaumwa, mafaili ya mwezi mzima chini, juu ya dirisha, kwenye kiti, wa herufi ya M kalala na wa herufi ya T, na yeye akakiweka kikapu chini ya meza, akainua faili moja tu, moja, kulirudisha mahali pake, na mkono ukainua la pili, na la pili likamleta la tatu, na alipoinua kichwa saa ya ukutani ilikuwa imevuka saa sita na mgongo ulikuwa unamuuma yale maumivu matamu ambayo alikuwa amesahau kuwa yapo, safu nzima ya ukutani imenyooka, Mama Kabati anamtazama kasimama na chai mbili mkononi, anasema we mwana, umetuacha yatima, na katika saa zile tatu hakuna mtu aliyemwita, hakuna aliyeuliza maji ya kuoga yako wapi, kidonge cha mchana kiko wapi, redio imefanya nini, hakuna aliyemwita mkwe, aliitwa kwa jina lake la kwanza, mara mbili, na mara zote mbili alichelewa kuitika... na chanjo hutolewa mpaka saa sita. Mpaka saa sita kamili, halafu wanafunga sanduku la barafu. Akaitoa kadi mkobani, akaiweka mezani, ili tu aone tarehe nyingine ya kuja, na mbele yake kulikuwa na kalamu na kisanduku kitupu, na mkono, mkono wa miaka kumi na miwili unaofahamu kisanduku kitupu ni aibu, ukaandika, tarehe, namba ya dawa ukainakili ya mstari wa juu ukabadilisha tarakimu ya mwisho, kwa wino uleule wa masjala, na Msaidizi chini ya meza alikuwa ametafuna pembe ya kasha la viatu kwa furaha zake zote, na yeye akajiambia kesho, nitamrudisha kesho, kalamu imetangulia tu, na kesho yake mzee akaamka na kizunguzungu, na keshokutwa mume akapiga simu kutoka kwenye bwawa wanalojenga akasema hatakuja mwisho wa mwezi, mvua imeharibu kazi, na wiki ikaingia kwenye wiki, na kila siku aliyokuwa akipita chini ya ule msumari kadi ilikuwa kweli zaidi kidogo, mpaka na yeye mwenyewe, aseme asifiche, kuna siku alikwisha sahau.

Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo wasemavyo, lakini maradhi si yake, kifo si chake, ni cha huyu anayehema chini ya sweta kwa pumzi fupi fupi, hapo ndipo roho inapomuuma, mbwa hakumkosea mtu, na mzee anasema kitu, anasema mwambie na maji hajanywa tangu asubuhi, nitamwambia baba, na mwambie jana alicheza vizuri, nitamwambia, na sauti ya mzee imeanza ule mtetemo, aliusikia mara ya mwisho miaka miwili kasoro iliyopita mlango wa chumba ulipofungwa na mama mkwe akabaki ndani yake amefunikwa, na baada ya siku ile mzee hakusema, alijibu tu, ndiyo, hapana, weka hapo, mwaka na nusu wa ndiyo na hapana, na wifi yake, dada wa mume, anayeuguza watu wote wa ukoo kwa simu bila kumshika hata mmoja mkono, akasema wifi yangu wewe ndiye uliyejaliwa moyo wa huruma, sisi wengine hatuwezi, na mume akasema ni kwa muda tu, chukua likizo, na likizo ikawa barua ya kuacha kazi, na moyo wa huruma ukawa kazi isiyo na zamu wala saa ya kutoka, na kila wakimsifu anasikia kitasa kinazungushwa mara moja zaidi, mkwe kama wewe hakuna, krak, Mungu atakulipa, krak, na utawaambiaje watu wanaokusifu kwamba unakosa hewa, utaonekana unatukana... na ni huyu mbwa, huyu kidole kimoja cha mbwa aliyeletwa na muuza maziwa ndani ya kapu la chupa, ndiye aliyemfungua mzee mdomo, siku ya tatu tu mzee alimwambia mbwa we bwana hapo pana mteremko utaanguka, sentensi nzima, na yeye jikoni akashika sinki, na siku zile alidhani sasa nitapumua, mzee ana mwenzake, kumbe mzee aliyefunguka ana maneno ya mwaka na nusu ya kuyasema, yote kwake, kuanzia chai ya asubuhi... sasa akifa. Akifa huyu. Atajibu tena ndiyo na hapana mpaka siku yake. Na akijua kwa nini amekufa... akijua kwamba kadi ile aliyoikagua mwenyewe, yeye aliyekuwa haruhusu jiwe la nusu kilo lipungue unywele, ilikuwa jiwe lililotobolewa, na aliyelitoboa ndiye anayempikia, anayemkata kucha, macho yake atayaweka wapi, na yeye ya kwake atayaweka wapi, wataishije ndani ya vyumba vitatu na korido moja, atapita vipi hapo alipoketi... mbuzi amenyamaza. Huko kwa daktari mbuzi amenyamaza na kuna maji yanamwagika, ananawa mikono, anakuja.

Na ghafla anaona tundu. Lipo kidoleni pake, ni kale kapicha ka spika kwenye kioo cha simu, akikagusa tu mzee hasikii, sikio lile halichukui simu isipopaza, atasogea dirishani, atamnong'oneza daktari kwa maneno matatu, ya pili hakupata, na daktari atasema mlete saa hii, na yeye atamgeukia mzee atasema kasema tumpeleke sasa, baba, ili tuwe na hakika tu, na boksi lipo, na dereva wa pikipiki wa pale kona yupo, mbwa atatibiwa kama anavyostahili kutibiwa, na kadi itarudi msumarini, safi, na hakuna atakayejua, hakuna, na kidole tayari kimegusa, sauti za kule zimekatika ghafla jikoni, kimya, maziwa yanasikika sasa yakipanda, na mzee anainua uso, "Mbona kimya, mwanangu?" na yeye anasema nimegusa vibaya, baba... mwanangu, hutumia neno hilo mara chache, na hulitumia akiogopa. Basi fanya. Nong'ona. Ni uongo gani huo, ni huruma, wewe ndiye uliyejaliwa, na hapo, hapohapo kwenye neno hilo, anasita, maana anaiona, anaiona kesho na keshokutwa, mbwa kapona wamemrudisha nyumbani, wifi kwenye simu anasema umemwokoa mbwa wa baba jamani una moyo, mume anasema asante mke wangu, mzee anawaambia wageni mkwe wangu huyu kila kitu kakiandika, kila tarehe, na kitasa kinazunguka, krak, na safari hii aliyekizungusha ni yeye kwa mkono wake, kwa sababu anayeificha siku ile haifichi chanjo, chanjo ni kosa, kosa mtu huomba radhi, anachokificha ni zile saa tatu, anaficha kwamba alikuwa na furaha, kwamba alisahau mbwa na mzee na kidonge cha mchana na hakujuta mpaka alipoitazama saa, kwamba kuna mahali wanamwita kwa jina na yeye anapataka, anapataka vibaya, kila siku akikata vitunguu anapataka, na akinong'ona sasa basi anazizika zile saa tatu na kusimama juu yake akitabasamu mpaka mzee amzike au yeye amzike mzee... na mbwa anainua kichwa. Kidogo tu, anatazama hewa, anakirudisha. Kidole kinagusa tena kale kapicha, na mara jikoni pamejaa tena ofisi ya watu wengine, viatu, kiti kinavutwa, na maziwa yanamwagika kweli sasa, yanaunguza jiko kwa harufu yake, asiyazime, akigeuka kuzima hatageuka tena, anachuchumaa mbele ya kigoda upande wa sikio la kulia la mzee, karibu kiasi cha kuona mvi zilizomo ndani ya sikio, simu kati yao juu ya sweta, na kadi anaiweka sakafuni.

"Haya, mama," simu inasema, "nisomee."

"Hakuna cha kusoma, daktari," anasema, kwa sauti ile kubwa anayomwambia mzee chakula tayari, kila neno peke yake, "ya pili hakupata. Nimeiandika mimi. Namleta sasa hivi," na hasubiri simu iseme, hautazami mkono wa mzee uliosimama juu ya kichwa cha mbwa, anautazama uso, "Baba, siku ile sikwenda kwenye chanjo. Nilikwenda kazini kwangu."